Nane Aliyoiona Bibi Recheli

Boksi lilifika ofisi ya mabasi saa nne asubuhi, siku ya Ijumaa. Josepha hakulifungua pale pale. Alilisogeza sikioni akalitikisa kidogo, kwa namna mtu anavyotikisa yai analolishuku. Halikulia. Akatia sahihi kwenye kitabu cha vifurushi, akamshukuru karani, kisha akatembea hadi mtaa wa Ng'ambo akiwa amelibana kifuani kwa mikono miwili, akizikwepa bodaboda kama mtu aliyebeba mtoto mchanga aliyelala.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, televisheni zilizofunuliwa migongo, na kibao mlangoni kilichosema anatengeneza redio, TV na mizani. Aliegesha mlango, akanawa mikono, akaikausha, akakata gundi ya boksi kwa wembe. Katikati ya sponji kilikuwamo kioo chembamba chenye urefu wa kidole na upana wa vidole vitatu. Akakiinua mbele ya dirisha. Hakikuwa na ufa. Kona zote nne zilikuwapo.

Ndipo akakaa. Alikuwa akikingoja tangu Jumatatu.

"Kimefika?" Tatu, fundi cherehani wa chumba cha jirani, alikuwa amesimama mlangoni na utepe wa kupimia shingoni.

"Kimefika kizima."

"Basi nusu ya shida imekwisha."

"Robo," Josepha alisema.

Robo tatu zilizobaki zilikuwa kijijini Isikizya. Kesho yake, Jumamosi, kikundi cha wafuga nyuki kingekutana ghalani kupima asali ya msimu. Kama kioo kile cha mizani kisingeonyesha namba ile ile kwa kila mtu, basi Mathias, baba yake mdogo aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, angekabidhi kazi ya upimaji aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa. Na angeikabidhi akiwa na jina la mwizi.

Kikundi kile kina utaratibu wake, na wazee hawautanii. Mpimaji hasemi kwanza. Mwenye asali ndiye anayetangulia kuusoma uzito kwa sauti, mpimaji anaurudia, na sauti mbili zikikubaliana katibu anaandika. Zisipokubaliana, kalamu haishuki. Walianza hivyo enzi za mizani ya kuning'inia, ile yenye uso wa duara na mshale, iliyotundikwa kwenye boriti ya ghala. Miaka ikapita, springi ikalegea, mshale ukawa unasoma kitu hata ndoano ikiwa tupu. Mathias ndiye aliyesimama kikaoni akasema ana binti yake mjini anayeweza kuwatengenezea mizani ya umeme, yenye tarakimu kubwa ambazo hata asiye na miwani atazisoma.

Binti huyo hakusomea umeme darasani. Alijifunza kwa kufungua vilivyokufa, kuchora alichokiona, na kukifunga tena. Vioo vya televisheni ndivyo vilivyomteka. Kwa miaka minne alikuwa akiandikiana na Kornel, mhandisi katika maabara ya chuo kimoja cha Arusha, ambako mafundi wadogo huweza kupeleka michoro yao na kuchongewa vioo vichache. Josepha alichora, Kornel akachonga. Kama kulikuwa na kosa, halikuwa la Kornel.

Na kosa lilikuwapo. Lilijitokeza mwezi wa sita, siku ya kwanza ya kupima.

Siku hiyo Josepha hakuwapo. Alihadithiwa na watu watatu, na wote watatu walihadithia sawasawa. Bibi Recheli, mjane wa Kimoraviani mwenye mizinga arobaini porini, aliiweka ndoo yake juu ya mizani. Binti yake ameolewa na mtoto wa Mathias, kwa hiyo Mathias ni mkwewe, na mkwe husalimiwa kwa magoti. Akapiga magoti, akasalimia, akabaki pale pale chini, akakitazama kioo. "Ishirini na nane nukta nne," akasema.

Mathias, aliyekuwa amesimama nyuma ya mizani, alikitazama kioo hicho hicho, kilicholazwa chali juu ya mizani. "Ishirini nukta nne," akasema.

Katibu akainua kalamu. Kisha mwanamke mwingine akasema kwamba hata yeye, asubuhi ile ile, aliona nane akaambiwa sifuri, akadhani ni macho yake. Na mwingine akasema vivyo hivyo.

Josepha alikwenda kesho yake. Ndoo ya Bibi Recheli ilikuwa bado juu ya mizani, imefungwa kitambaa, maana mwenyewe alikataa isiguswe. Josepha akasimama, akatazama, akaona ishirini nukta nne. Akasema alichokiona.

"Wewe ni mtoto wake," Bibi Recheli alimjibu bila ukali. "Ungesema nini kingine?"

Ndipo Josepha akakumbuka kwamba aliingia akaenda moja kwa moja kwenye mashine kabla ya kumsalimu mtu. Aliona haya. Akapiga magoti mbele ya bibi.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe."

"Marahaba."

Alipoinua macho, kioo kilikuwa mbele yake. Kilisoma ishirini na nane nukta nne. Akainamisha kichwa, akakiinua, akakisogeza kushoto. Ishirini na nane. Alikaa chini muda mrefu hivi kwamba bibi alimuuliza kama anaumwa.

"Bibi, naiona nane."

"Kwa hiyo mimi si mwongo."

"Si mwongo."

"Basi yeye ndiye mwongo."

"Hapana, bibi. Ni kioo."

"Kioo hakina wakwe wala watoto," Bibi Recheli alisema. "Kitadanganya kwa faida ya nani?"

Hapo mambo yakawa mabaya zaidi, maana ukweli huo haukumsaidia Mathias hata kidogo. Watu walisema: kumbe mashine inasoma viwili, na mpimaji amechagua kusimama panaposoma kidogo, na aliyeitengeneza ni mtoto wa nyumba yake. Mwenyekiti Ezekia, mtu mpole asiyependa kuamua jambo likiwa la moto, alisimamisha upimaji. Asali ibaki majumbani mpaka Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa, kabla lori la mnunuzi halijaja. "Siku hiyo tutapima kwa kioo kinachosema neno moja kwa kila mtu," akasema, "au tutatafuta mpimaji mwingine."

Mtu mmoja aliuliza kwa nini kioo kisiinuliwe tu kiwatazame waliopiga magoti. Josepha akamjibu kwamba hapo waliosimama ndio wangeiona nane.

Aliujua ugonjwa sasa. Ndani ya kioo cha aina ile, kati ya mabamba mawili membamba, hukaa kimiminika ambacho chembe zake ni ndefu kama punje za mchele. Kila kinukta kinachounda tarakimu kina elektrodi yake, utando wa kupitisha umeme ambao ni mwangavu kiasi kwamba jicho haliuoni. Umeme ukifika, chembe hulala, na kwa jinsi zinavyolala mwanga hupita. Katika mchoro wa kwanza Josepha aliifanya kila elektrodi kuwa mraba mtupu, na chembe zote zikalala kuelekea upande mmoja, kama majani ya mbugani baada ya upepo. Anayeyatazama kwa ubavu na anayeyatazama kwa ncha hawaoni mbuga moja. Vinukta vya katikati ya sifuri havikutakiwa kuwaka, lakini vilikuwa vikipata umeme kidogo wa majirani zao. Aliyesimama hakuona kitu. Aliyepiga magoti aliviona vimewaka, sifuri imejifunga mkanda kiunoni, imekuwa nane.

Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amekijaribu kioo kile kwa wiki mbili. Alikijaribu akiwa amesimama, akiwa amekaa kwenye kiti kirefu, kwa jua na kwa taa, na kila alichokiona alikiandika. Hakuwahi kupiga magoti mbele ya kazi yake mwenyewe.

Mchoro wa pili aliufanya kwa siku tisa. Alipasua kila elektrodi kwa mianya myembamba ya mshazari, robo moja ikielekea huku, nyingine kule, pande nne, ili chembe zigawane pa kulalia na kila jicho lipate fungu lake. Robo hizo nne alizishikamanisha kwa msalaba katikati. Kioo kilipokuja kilisema neno moja kwa kila aliyekitazama. Lakini kilisema kwa sauti ya mgonjwa. Juu ya ule msalaba chembe hazikujua zilale wapi, pakabaki giza, na msalaba ulikula karibu theluthi ya kila kinukta. Mezani kilisomeka. Nje, kwenye jua la saa sita, hakikuwa na kitu.

Akampigia Kornel simu amwombe ausage msalaba uwe mwembamba.

"Dada Josepha, mashine yangu haina mkono mwepesi hivyo," Kornel alisema. "Chini ya hapo mstari unakatika, na ukikatika robo nzima inakosa umeme."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Josepha alikwenda kwa Mathias. Alimkuta shambani anachimba viazi vitamu. Nyumbani, uani, michembe, vile vipande vya viazi vya kukausha, ilikuwa imeanikwa juu ya mikeka, na mama mdogo akifukuza kuku. Mathias hakuuliza habari za kioo. Alimpa jembe la pili.

Walichimba tuta zima. Mwishowe Mathias ndiye aliyeanza.

"Kama kazi inakushinda, niambie mapema. Nitaikabidhi mizani mwenyewe. Afadhali niiache kuliko kuachishwa."

"Haijanishinda, baba. Imenibania mahali pamoja."

"Wapi?"

Akachuchumaa, akachora kwa kidole kwenye udongo mraba, msalaba ndani yake, na matuta ya mshazari yakitoka msalabani kwenda pande nne. Mathias akaegemea jembe, akatazama kama anavyotazama shamba la mtu asiyemjua.

"Haya ni matuta."

"Tuseme ni matuta."

"Na hii katikati ni njia?"

"Ni njia. Umeme unapita hapo kuyafikia matuta. Lakini palipo na njia hapaoti kitu."

"Nani anapitisha njia katikati ya shamba?" Mathias aliuliza, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita kulikuwa na kicheko kwenye sauti yake. "Pana hivi, utadhani lori linakuja. Mimi mwenyewe napita wapi?"

Josepha akainua macho. Shamba la baba yake mdogo lilikuwa matuta tupu, ukingo hadi ukingo. Njia ya miguu iliuzunguka mpaka wake, chini ya ua wa minyaa.

"Mpakani," alisema.

"Mpakani. Pale hata nikipanda, mbuzi wa jirani ndio wanaovuna. Sasa kama mahali pameshaharibika, si ndipo pa kupita?"

Josepha alikuwa anakitazama kimraba kwenye udongo. Kati ya kinukta na kinukta, kwenye kila kioo, kuna ukingo mweusi uliowekwa makusudi kuzuia mwanga. Pale ni giza tayari. Alikuwa ameuweka mstari wake mnene mahali penye mwanga, na kuuacha bure mpaka ambao haukuwa na kazi. Alifuta msalaba kwa kiganja. Akachora fremu kuzunguka mraba, na matuta yakaanzia kwenye fremu kwenda ndani.

"Hayo yatakutana katikati," Mathias alisema.

"Yatakutana. Patabaki giza kidogo, kama uzi."

"Uzi si njia."

Kornel alipoupokea mchoro wa tatu alipiga simu papo hapo. "Nani kakufundisha hii?"

"Mkulima wa viazi."

"Anapokea wanafunzi?"

Hiyo ndiyo safari ya kile kioo kilichokuwa sasa mezani pake, kizima, Ijumaa saa tano. Alikiunganisha taratibu, waya kwa waya. Kisha akachukua chaki, akachora duara sakafuni kuizunguka mizani, akaligawa alama kumi na mbili. Halafu akamwita Tatu.

"Unasimama kila alama, unachuchumaa, unapiga magoti. Kila mara unanisomea. Mimi nabadilisha mzigo bila kukuambia."

Tatu alihesabu alama kwa macho. "Mara tatu kumi na mbili. Nimeacha gauni la watu la harusi nije kuisujudia mizani."

"Nitakupigia pasi gauni."

"Usiliguse. Umepiga pasi gani maishani mwako?" Akasimama kwenye alama ya kwanza. "Kumi nukta sifuri."

Akapiga magoti. Josepha akainamia daftari.

"Kumi nukta sifuri. Endelea, magoti yangu si ya kukopa."

Walizunguka duara lote. Kisha wakaibeba mizani hadi barazani, kwenye jua, wakazunguka tena, na mwendesha bodaboda mmoja akauliza kama ni dini mpya. Mara sabini na mbili Tatu alisoma, na mara sabini na mbili Josepha alilinganisha na daftari. Hakukuwa na tofauti hata moja. Alipofunga daftari mikono yake ilikuwa myepesi, kama ya mtu aliyetua maji.

"Sasa?" Tatu aliuliza, akijipangusa chaki.

"Sasa nusu," Josepha alisema.

Jumamosi ghala la Isikizya lilijaa mapema. Ndoo zilipangwa ukutani, nyingine bado zina nta iliyogandia kwenye mifuniko. Mathias alivaa shati lake la kanisani. Ufunguo wa ghala alikuwa ameutoa kwenye mkufu wake na kuuweka juu ya meza ya mwenyekiti, mahali kila mtu angeuona. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Safari hii Josepha aliwasalimia wote kwanza, kuanzia kwa wazee. Alipofika kwa Bibi Recheli alipiga magoti, akamwamkia kwa kilugha.

"Mwangaluka, bibi."

"Mwangaluka. Umekuja na macho mengine?"

"Nimekuja na kioo kingine. Macho ni yenu."

Mwenyekiti Ezekia hakutaka kuanza na asali. Alikuwa amenunua dukani mfuko wa sembe wa kilo kumi, haujafunguliwa. Akauweka juu ya mizani mwenyewe, akawaita watu wanane wakae kuizunguka kila mmoja anavyotaka: wanaume watatu wakasimama, mzee mmoja akaketi kwenye kigoda, wanawake wanne wakapiga magoti. Mlango mkubwa ulikuwa wazi na jua lilikuwa limelala juu ya kioo. Akawataka waseme mmoja mmoja.

"Kumi nukta moja."

"Kumi nukta moja."

"Kumi nukta moja. Hiyo moja ni ya nini?"

"Ya mfuko," alisema mzee wa kigoda. "Au ulitaka unga ukae uchi?"

Watu wakacheka, wa nane akasema kumi nukta moja katikati ya kicheko, ikabidi arudie.

Kisha Bibi Recheli akaileta ndoo yake. Kitambaa kilikuwa kile kile, na fundo lile lile alilolifunga mwezi wa sita. Mathias alisimama nyuma ya mizani, mikono mgongoni. Bibi akapiga magoti, akamsalimu mkwewe kama inavyotakiwa, naye akaitikia. Akakitazama kioo.

Josepha, aliyekuwa pembeni, aliona midomo ya bibi ikisogea mara moja bila sauti. Kwa miezi mitatu mwanamke huyu alikuwa amelala na namba moja kichwani, na watu walikuwa wamesimama upande wake kwa ajili ya namba hiyo. Kwa utaratibu wa kikundi, hakuna mtu duniani aliyeruhusiwa kuisema nyingine kabla yake.

"Njoo huku, mkwe," alisema hatimaye.

Mathias akazunguka mizani. Akajishusha taratibu, goti moja kwanza, na likalia mpaka watu wa mlangoni wakasikia.

"Hilo goti nalo lipimwe," mtu alisema.

"Unaona nini?" Bibi Recheli aliuliza.

"Siwezi kusema, mama. Unatangulia wewe."

Bibi akamgeukia, akamtazama usoni kwa muda. Kisha akaishika mizani, akainuka kwa shida, akaenda kusimama nyuma yake, pale pale Mathias alipokuwa amesimama siku ile na siku nyingine zote. Akainamisha kichwa kutazama. Sasa yeye alikuwa juu na mpimaji alikuwa chini.

"Ishirini nukta nne," alisema, kwa sauti ya kufika ukutani.

"Ishirini nukta nne," alisema Mathias.

Kalamu ya katibu ikashuka. Ilisikika ikiandika.

"Na siku ile ilikuwa ishirini nukta nne," Bibi Recheli aliongeza, akiwageukia watu, "maana fundo sijalifungua. Nilichokiona nilikiona, na alichokisoma kilikuwa sawa. Andika na hilo."

"Hilo halina mahali pake kwenye daftari, bibi," katibu alisema.

"Litafutie."

Mwenyekiti Ezekia alichukua ufunguo mezani. Hakuhutubia. Aliinama, akamwekea Mathias mkononi, kisha akamshika mkono huo huo kumsaidia kuinuka. Mathias alisimama, akajipangusa vumbi la goti, akautazama ufunguo kana kwamba ni mara ya kwanza kuuona. Alikohoa mara mbili. Josepha alitaka kumtazama akashindwa, akajifanya anakagua waya ambao haukuwa na tatizo lolote.

Bibi Recheli akapita karibu naye akielekea kwenye ndoo zake. "Wewe," akasema kwa sauti ya chini, "hii mashine yako imenifanya nigombane na mkwe wangu kwa miezi mitatu."

"Ndiyo, bibi."

"Jumapili ijayo mtakula kwangu, wewe na yeye. Nitapika ugali wa mtama, na mtaumaliza."

"Tutaumaliza, bibi."

Nje, watu walikuwa wameshaanza kusogeza ndoo mstarini, wakisukumana na kutaniana kuhusu nani alikuwa wa kwanza. Mathias aliurudisha ufunguo kwenye mkufu, akaufunga. Akaenda nyuma ya mizani, akaweka mikono mgongoni.

"Anayefuata," alisema.